Mtoto wa kaka yangu na tope la Katesh: tiba ipi itamfaa?

Shangazi_Njiro:
Shikamooni wakubwa, na wengine salamu. Naomba ushauri, hasa kwa waliolea mtoto wa namna hii.

Ninaishi na mtoto wa kaka yangu, wa kiume, miaka 9. Tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlima Hanang na kuifunika Katesh, alikuwa nyumbani na mama yake na mdogo wake. Yeye alitolewa akiwa hai, wao hawakupona. Kaka yangu siku hiyo alikuwa machimboni Mirerani, na mpaka leo hataki habari hizo zitajwe mbele yake.

Mtoto anakula, na darasani anafanya vizuri. Lakini mvua ikigonga bati anaingia chini ya kitanda, na amerudi kukojoa kitandani. Udongo uliolowa hagusi. Wiki iliyopita aliniuliza, "Shangazi, ningemshika mdogo wangu mkono vizuri, si angepona?" Nikakosa la kusema.

Vuli inakaribia na ninaogopa. Nimeonyeshwa njia tatu. Kuna mwanasaikolojia binafsi hapa Arusha anayetibu kwa michezo, elfu hamsini kwa kikao. Kuna wanasihi Moshi wanaofanya kitu kinaitwa TF-CBT. Na kuna mtaalamu wa Nairobi anayefanya EMDR kwa video. Mama mmoja wa jumuiya yetu anasema nimwache tu, atasahau. Ninyi mngeanzia wapi?

Mnasihi_Kibosho:
Pole sana dada. Mimi ni mnasihi na watoto waliofiwa ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Kwa umri wake na kwa swali alilokuuliza, ningeanza na TF-CBT. Ni tiba ya kuzungumza iliyotengenezwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, kwa watoto wa miaka 3 hadi 18. Kwanza mtoto anafundishwa kupumua na kutuliza mwili, na kuzipa hisia zake majina. Kisha polepole anaisimulia siku ile, kwa maneno au kwa michoro, kipande leo na kipande wiki ijayo, mpaka simulizi isimtikise tena. Na mlezi anatibiwa pamoja naye: unakuwa na vikao vyako, unajifunza alichojifunza, na mwishoni mtoto anakusomea hadithi yake wewe. Nimeona watoto wakipata nafuu kubwa kwenye kikao hicho kuliko vyote vilivyotangulia, kwa sababu waligundua kwamba mtu mzima anaweza kusikia yote na asivunjike.

Siyo kitu cha Wazungu peke yao. Moshi na Bungoma, Kenya, ulifanyika utafiti uliochapishwa 2020, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote. Waliowatibu walikuwa watu wa kawaida wa hapo hapo waliofundishwa na kusimamiwa, vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake. Tiba ilipoisha, matokeo yalikuwa mazuri kuliko huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, yaani mjini na vijijini kwa kila nchi. Vijijini upande wa Tanzania tofauti haikuonekana wazi.

Kuhusu swali lake la mkono: kumwambia "siyo kosa lako" halitatosha, atakuitikia kwa adabu na kubaki nalo moyoni. Mnasihi atamuuliza tope lile lilikuwa zito kiasi gani, lilibeba nini. Magogo na mawe. Mwanaume mzima angeweza kusimama ndani yake? Mtoto wa darasa la pili je? Jibu alifikie mwenyewe.

Mzee_Kisongo:
Binti yangu, pole kwa msiba. Mimi nilizikwa na ukuta nikiwa mdogo na hakuna aliyenipeleka kwa mtaalamu. Nilikua, nikaoa, nina wajukuu. Mtoto anayekula na kufaulu anajiponya taratibu. Mkimchokonoa mtamrudisha kule kule.

Shangazi_Njiro:
Shikamoo mzee wangu, asante kwa maneno yako. Hofu yangu ndiyo hiyo hiyo ya kumchokonoa. Siku chache baada ya tukio, kuna watu waliwakusanya watoto kwenye darasa moja na kuwaambia kila mmoja aeleze alichokiona. Wangu hakusema neno siku nne. Na hapa mjini duka moja la dawa lilinipa vidonge vya usingizi nimpe, diazepam.

Mnasihi_Kibosho:
Mzee yuko sahihi kwa sehemu. Kwenye utafiti ule ule, mwaka mmoja baadaye, watoto wa Tanzania waliopata huduma ya kawaida tu nao walikuwa wamepata nafuu sawa na waliotibiwa. Kenya tofauti ilibaki. Wapo wanaopona wakiwa kwenye mikono ya ndugu. Huyu wetu karibu mwaka umepita, bado anaingia chini ya kitanda na anajilaumu kifo cha mdogo wake. Huyo hatumsubirishi tena.

Dada, kukusanya watoto siku zile zile na kuwalazimisha waseme yote kwa mkupuo, Shirika la Afya Duniani linashauri kisifanyike. TF-CBT haifanani na hilo, maana mtoto ndiye anayeshika usukani na akichoka mnasimama. Na vidonge hivyo usimpe tena bila daktari kumwona. Miongozo ya shirika hilo hilo ya 2013 inakataza dawa za jamii hiyo kwa watoto wenye mfadhaiko baada ya tukio.

BabaAkinyi_Kisumu:
Pole sana mama. Yetu ilikuwa ajali ya matatu, msichana wangu akiwa na miaka 4. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kukueleza, kwa hivyo tulichukua tiba ya michezo. Kulikuwa na sinia ya mchanga, magari madogo, wanasesere. Wiki nyingi aligonganisha magari tu na kaunsela akakaa naye chini akimtazama. Siku moja akaleta ambulensi. Kuanzia hapo akaanza kulala.

Lakini ni polepole, na ni ngumu kujua kama unasonga. Kwa miaka 9 na elfu hamsini kila wiki, ningemuuliza kwanza huyo mtaalamu ana mpango gani na atapimaje kama mtoto anaendelea vizuri. Kama jibu ni "tutaona," tafuta mwingine. Na uulize kama atawahi kukuita wewe ndani. Sisi tuliachwa kwenye benchi nje miezi miwili, na hilo bado linaniuma.

Zuhura_Leicester:
Dada'ngu pole. Mwanangu alifanya EMDR hapa Uingereza akiwa na miaka 12. Iligunduliwa na Francine Shapiro mwaka 1987. Mtoto anashikilia picha ile mbaya akilini huku akifuata vidole vya mtaalamu kwa macho, kushoto kulia, au anagongwagongwa viganjani. Haelezi kwa kirefu, na hilo ndilo lililomfaa wangu, kwa kuwa kusema hakutaka kabisa.

Ila hatukuanzia hapo. Mwongozo wa taifa hapa wa 2018 unataka kwanza TF-CBT, na EMDR ifuate kwa watoto wa miaka 7 hadi 17 ambao ile ya kwanza haikuwasaidia. Na kwa video ningesita sana. Mwanangu aliwahi kutapika katikati ya kikao, na mtaalamu alikuwepo pale kumshika. Akipatwa wewe uko Njiro na yeye yuko Nairobi, inakuwaje?

MwanaUvira:
Mama, pole. Mimi mkimbizi Nakivale, Uganda. Huku tunajua njia nyingine, KIDNET. Kamba inalazwa chini, ndiyo maisha ya mtoto tangu azaliwe. Kila jambo baya anaweka jiwe, kila jambo zuri ua. Halafu anasimulia kwa mpangilio, na mnasihi anaandika. Ilijaribiwa hapa hapa kwa vijana wachache Wasomali, ikachapishwa 2005.

Ninaipenda kwa sababu ya maua. Mtoto wa dada yangu aliona ya vita tu, lakini kwenye kamba yake aliweka ua kwa ajili ya mbuzi aliyepewa na babu. Alikuwa amemsahau. Ila njia hii inawafaa zaidi walioteswa mara nyingi, miaka na miaka. Mtoto wako ana jiwe moja kubwa.

Shangazi_Njiro:
Nimesoma yote mara mbili. Tunaanza Moshi. Nauli naweza, na cha kikundi nimekipenda, kwa sababu shuleni kwake hakuna mwingine aliyefiwa kama yeye na anadhani ni yeye peke yake duniani. Afisa ustawi wa jamii wa kata amekubali kutuandikia barua.

Maswali mawili. Kaka yangu akikataa kuhudhuria? Na tarehe 3 Desemba ikifika, nimkumbushe mtoto au ninyamaze?

Mnasihi_Kibosho:
Mlezi anayelala naye nyumba moja anatosha kuanza, na huyo ni wewe. Baba mwambie tu mlango uko wazi, usimvute. Usiku mkikwama kabisa, piga 116, ni bure, ni namba ya kusaidia watoto.

Tarehe ile anaijua hata ukinyamaza. Muulize mapema angependa siku hiyo iweje, na umsikilize.

Shangazi_Njiro:
Nimemuuliza jana usiku. Amefikiri sana. Amesema anataka twende makaburini Katesh, lakini twende asubuhi, na kama kuna mawingu turudi. Kisha akauliza kama baba naye atakuja. Nimempigia kaka leo mchana. Hakukata simu, amesema atanijibu Jumapili.