Mdogo wangu ana Guillain-Barré, mbona wanataka kumsafisha damu wakati figo ni nzima?

MamaTunu:
Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu aliharisha vibaya akapona, kama wiki mbili baadaye akaanza kusikia ganzi miguuni, juzi kashindwa kupanda ngazi na leo hata kikombe hakishiki. Daktari anasema ni Guillain-Barré na anataka asafishwe damu kwa mashine. Mama kagoma kabisa, anasema ukishaanza mashine ndo hutoki tena, na majibu ya figo nimeyaona mwenyewe ni mazima. Kuna ndugu anasema tulipie dripu ya IVIG, ile ya kingamwili za wachangiaji damu, mwingine anasema tufanye vyote viwili apone haraka. Naombeni msaada jamani, hata usingizi sipati.

Nesi_ICU:
Pole sana dada. Mwambie mama hiyo siyo dayalisisi ya figo. Hapa wanabadilisha plazma, yale maji ya njano ya damu. Kinga ya mwili ilipokuwa inapigana na kile kidudu cha kuharisha, mara nyingi ni Campylobacter, ikatengeneza kingamwili ambazo sasa zinashambulia mishipa ya fahamu, na hizo kingamwili ziko kwenye plazma. Tunaweka mpira shingoni au pajani, damu inapita kwenye mashine, plazma inatengwa inaingia kwenye mfuko, ukiuona una rangi kama mafuta ya alizeti, na seli zinarudi mwilini pamoja na albumini, protini ya damu inayojaza nafasi ya plazma iliyotolewa. Kawaida mara 4 mpaka 6 kwa kuruka siku, kisha mpira unatolewa imeisha. Akisikia midomo inamchonyota au kizunguzungu aseme hapo hapo, kalsiamu na presha huwa zinashuka.

Vyote viwili HAPANA. Ukimpa IVIG halafu ukabadilisha plazma unaimwaga dawa uliyonunua. Utafiti wa 1997 wa wagonjwa 383 ulilinganisha plazma peke yake, IVIG peke yake na vyote viwili, kuchanganya hakukuleta faida ya maana. Chagueni kinachopatikana mapema, na msikubali kupotezewa muda na steroidi, zile dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa ugonjwa huu hazisaidii.

Babu K:
Mimi niliugua huu, nilipewa IVIG. Inapigwa gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito kila siku kwa siku 5, yaani mtu wa kilo 70 anamaliza gramu 140, sasa ulizeni bei ya chupa kabla ya kuahidi chochote. Na msitegemee atainuka siku ya kumaliza dawa, inasimamisha mashambulizi tu, mishipa yenyewe inarudi polepole kwa miezi. Kinachoua haraka ni pumzi. Avute pumzi moja ahesabu kwa sauti, asubuhi na jioni, namba ikianza kupungua au akipaliwa na maji iteni daktari saa hiyo hiyo hata kama anasema yuko sawa.

Mkemia:
Kwa wasio na uwezo, Dhaka kule Bangladesh walijaribu kwa wagonjwa 20, matokeo yakatoka 2018, damu inatolewa kidogo kidogo kitandani, inaachwa itulie seli zizame, plazma inamwagwa, seli zinarudishwa. Bila mashine. Ni jaribio dogo ila hospitali zetu zingelifuatilia kwa karibu.

MamaTunu:
Mungu awabariki. Mama kakubali, wanaanza kesho. Anauliza sisi ndugu tuchangie damu?

Nesi_ICU:
Albumini ikiwepo hamhitajiki. Ikikosekana hutumia plazma ya wachangiaji, kwahiyo waulizeni benki ya damu leo leo, na mtu akae naye usiku.