Majira ya joto ya tamthilia, opera na picha: tupeane uzoefu

#1 (mleta mada)

Wakuu, salaam. Sijasomea sanaa wala sijawahi kupanda jukwaani, mimi ni mpenzi tu. Majira ya joto yaliyopita likizo yangu yote niliimalizia kwenye kumbi na makumbusho ya Ulaya, na hadi leo nikifumba macho nasikia tarumbeta. Wenye mapenzi haya njooni tusimuliane: ulienda wapi, nini kilikugusa, na anayeanza umwambie nini.

Naanza na Verona, Italia. Ule uwanja wa mawe ni wa Warumi, wa karne ya kwanza. Opera, yaani michezo inayoimbwa, zilianza kupigwa mle 1913, wakafungua na Aida, opera ya mtunzi Verdi, kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Tiketi za bei ya chini ni za juu kabisa, unakaa kwenye ngazi zenyewe. Mawe yamepigwa jua mchana kutwa, kwa hiyo onyesho likianza usiku bado yanatoa joto. Beba kitu cha kukalia. Giza likiingia watu huwasha vishumaa, uwanja unameremeta, kisha kimya.

Wengi huijua Aida kwa maandamano yake ya ushindi, na kweli zile tarumbeta ndefu zinasisimua. Ila mimi nilikuwa nimesoma kisa chote kabla, nikawa naisubiri sehemu ya mwisho. Radamès, mpenzi wa Aida, amehukumiwa kuzikwa hai. Anafungiwa kaburini, kumbe Aida alishatangulia kujificha humo afe naye. Juu yao hekalu linaendelea na ibada, chini wao wanaimba taratibu, na opera kubwa kiasi kile inamalizikia kwenye sauti ndogo kabisa. Majirani zangu kadhaa walishaondoka kuwahi usafiri. Niliwahurumia sana. Kwa hiyo kisa kijue mapema, ili ukifika masikio yawe na kazi moja tu.

#2

Asante mleta mada. Mimi ni mtu wa tamthilia, na pangu ni Globe, ukumbi wa Shakespeare, London. Nilichukua tiketi ya kusimama uani, mbele ya jukwaa, juu mbingu tupu. Kukaa chini hairuhusiwi, mwavuli hauruhusiwi. Mvua ikija unavaa koti na mchezo unaendelea.

Jengo la kwanza, la 1599, liliteketea 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa katikati ya mchezo kuwasha paa la nyasi. Hili la sasa lilifunguliwa 1997. Mwigizaji wa Marekani Sam Wanamaker alilipigania miaka mingi, akafariki 1993 bila kuuona ufunguzi.

Niliona ile tamthilia ya Shylock, mkopesha fedha. Kabla ya kwenda niliisoma upya katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, ya 1969, kwa hiyo sikuhangaika na Kiingereza cha zamani. Lilikuwa onyesho la mchana. Mwigizaji anakuona usoni nawe unamwona, na Shylock akiuliza swali unahisi wewe ndiye unayetakiwa kujibu. Wakati wa kesi, anapodai ratili yake ya nyama ya mwili wa mdaiwa wake, ua mzima ulinyamaza.

Na tusisahau: 2012 Globe walionyesha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kilikuwemo, kikaletwa na waigizaji kutoka Kenya. Natamani ningekuwepo!

#3

Mimi upande wangu ni picha. Makumbusho ya Louvre, Paris, chumba cha Mona Lisa: umati wote unatazama upande mmoja, kwenye picha ya sentimita 77 kwa 53. Ukuta wa pili, mgongoni mwao, kuna Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, ya 1563, upana karibu mita 10 na kimo karibu mita 7. Nikaamua mchana huo ni wa picha hiyo tu.

Ilichorwa kwa ajili ya chumba cha kulia cha watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Majeshi ya Napoleon yakaichukua 1797. Ukijua kwamba watawa walikuwa wakila huku wakitazama karamu ile, unaanza kuisoma vingine. Kristo yuko katikati, ametulia, na juu kidogo ya kichwa chake watu wanakata nyama. Mbele yake kuna wapiga muziki, na kwenye meza yao saa ya mchanga, alama ya wakati unaopita. Hiyo saa nilichelewa sana kuiona, na nilipoiona karamu yote ikabadilika machoni pangu.

Wanaopanga safari: Louvre hufungwa Jumanne, na makumbusho ya Orsay, pia Paris, Jumatatu.

#4

Mkuu mleta mada, kwa anayeanza opera mimi nisingempeleka uwanja wa wazi. Mpeleke ndani, asikie sauti ya mtu isiyo na kipaza sauti ikipita juu ya okestra nzima. Mwimbaji aliyefundishwa hukusanya nguvu ya sauti karibu na hezi 3,000 (mitikisiko 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo vyombo vimeshapungua nguvu, ndiyo maana hamezwi na fidla zote zile.

Bayreuth, Ujerumani, ukumbi wa mtunzi Wagner wa 1876, okestra imefichwa chini ya jukwaa, huioni kabisa. Viti ni vigumu, joto ni kali, na maandishi ya tafsiri juu ya jukwaa hawaweki, kwa hiyo lile la kusoma kisa kwanza naliunga mkono kwa mikono miwili. Mapumziko ni marefu. Wapiga tarumbeta hutoka roshani kuwaita watu warudi: mara moja, kisha mara mbili, kisha mara tatu. Kila mara moyo ulinidunda.

#5

Avignon, Ufaransa, Julai. Tamasha la tamthilia alilianzisha Jean Vilar 1947 kwenye ua wa Jumba la Mapapa, na bado wanaigiza palepale usiku. Upepo ukivuma unapeperusha mavazi ya waigizaji na wao hawasiti. Mchana waigizaji wa vikundi vidogo wanakufuata mtaani kukueleza mchezo wao. Wasikilizeni, ndivyo nilivyopata onyesho bora la safari yangu.

#6 (mleta mada)

#4 nimekuelewa, na hiyo ya sauti nitaifuatilia. Ila Verona sauti ilinifikia hadi ngazi za juu, usiwakatishe tamaa wageni. Aliyeniuliza pembeni kuhusu mvua: matone ya kwanza tu, wapiga fidla huinuka kuokoa vyombo vyao, na onyesho husimama hadi kukauke. Msitoke haraka.

Sasa namtafuta aliyekaa Bregenz, Austria, lile jukwaa la opera lililo juu ya ziwa. Karibu uzini.