Swabu za pneumokokasi hazioti, shida iko wapi?

MaabaraNyando: Wakuu, tunafuatilia watoto waliochanjwa PCV (chanjo ya pneumokokasi) wanaobeba pneumokokasi, bakteria wa nimonia, puani. Swabu (vijiti vya kuchukulia sampuli) zinafika Kisumu jioni, na nyingi haziotishi bakteria wowote maabara. Kwa nini?

Kavirondo: Ni za pamba? Achana nazo, pamba ina asidi za mafuta zinazodhuru bakteria. Tumia za nailoni. Ifike nyuma kabisa ya pua, izungushe, iache sekunde 5. Itie kwenye ml 1 ya STGG (kimiminika cha kuhifadhi na kusafirisha sampuli), kata kijiti, funga. Iweke kwenye barafu papo hapo na ifike -70°C ndani ya saa 8. Joto la huko Nyando halina huruma.

DadaMikro_Nakuru: Angalia pia inkubeta: CO2 asilimia 5, nyuzi 35–37. Agari ya damu (chakula cha kuoteshea bakteria kwenye sahani) iwe na antibiotiki ya gentamisini, la sivyo bakteria wengine watafunika sahani. Optokini (dawa inayozuia pneumokokasi kuota): diski ya mm 6, duara lisilo na bakteria kuizunguka likiwa mm 14 kwenda juu ndiyo pneumokokasi. Likiwa mm 7–13, pima kwanza kama bakteria wanayeyuka kwenye chumvi za nyongo. Wengi huruka hapa, kisha ripoti inapotoka.

MaabaraNyando: Ni za pamba kweli. Na zile tulizokwisha kuchukua?

Kavirondo: Jaribu PCR (kipimo cha kutafuta DNA) ya jeni lytA ya pneumokokasi, ndugu. DNA hubaki hata bakteria wakifa.