Naomba ushauri: tunahamia Tunduru na mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu amepata uhamisho wa kikazi kwenda Tunduru, na mimi mawazo yamenijaa hata usingizi hauji. Mtoto wetu wa pili ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo. Hapa Dar tulishazoea: mazoezi tiba hospitali ya CCBRT kule Msasani, na jirani anayejua kumlisha. Kumlisha si jambo dogo. Lazima akae wima, kichwa kiiname mbele kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo kidogo, la sivyo anapaliwa. Dada mgeni humfundishi hilo kwa siku moja.

Niliacha kazi ya duka alipozaliwa, kwa hiyo tunategemea mshahara wa baba yake tu. Wakwe wanasema mtoto abaki kwa bibi yake Mbagala, mimi nimfuate mume. Hilo siliwezi na sitaki kulisikia. Lakini kuishi mbalimbali nako kunabomoa ndoa, nimeyaona kwa wengine.

Naombeni mliopitia haya: Tunduru au Songea kuna mtaalamu wa mazoezi tiba kwa watoto? Kliniki zikiwa za nadra, mazoezi ya nyumbani yanasaidia misuli isizidi kukakamaa? Mwajiri akipelekewa barua ya daktari, huwa anafikiria upya uhamisho, au tutaonekana wasumbufu? Na upatikanaji wa dawa za kifafa huko wilayani ukoje? Anazitumia kila siku, na daktari alitusisitizia zisikatike ghafla.