Snokeli, koni au niache ya kiwandani? Wenye gari za porini njooni

TopeMgotini: Wakuu habari zenu. Nina Hilux ya dizeli ya tabo (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini), kazi yake vumbi wiki nzima na mara mojamoja kuvuka mto. Nataka kubadili mfumo wa kuvuta hewa nimebaki njia panda, kuna ile koni ya wazi ya kufunga ndani ya boneti, kuna filta ya pamba ya kufua inayoingia kwenye boksi lilelile, afu kuna snokeli, lile bomba la nje linalopandisha mdomo wa kuvuta hewa mpaka usawa wa paa. Nianze na ipi?

SpanaKumi: Koni sahau mkuu. Inakaa wazi pale pembeni ya injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi kwahiyo nguvu unapoteza badala ya kuongeza. Watu wanadanganywa na ule mlio tu. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya baridi toka kwenye fenda na limezibwa.

Gia4Chini: Mi nlitumia ya pamba. Kufua raha, ila oili ya kuipaka baada ya kufua nikamwaga kama nakaanga maandazi, ikavutwa mpaka kwenye sensa ya hewa, ile yenye kiwaya chembamba kinachopata moto. Gari ikawa nzito mpaka nikasafisha sensa kwa spree yake. Kosa langu siyo la filta, ila kwa vumbi jingi bado naamini filta ya karatasi.

BabaLandi: Chukua snokeli na wala siyo kwa ajili ya maji peke yake. Ukiwa nyuma ya gari lingine njia ya vumbi, hewa ya usawa wa taa na ya usawa wa paa ni vitu viwili tofauti kabisa, filta yangu saizi inakaa muda mrefu zaidi bila kuziba.

Mchangani_Tu: Snokeli mapambo hayo. Sisi tunavuka mito miaka yote bila hiyo.

BabaLandi: @Mchangani_Tu mnavuka maji ya magotini ndugu yangu, siku wimbi likipanda juu ya boneti utanikumbuka. Maji hayashindiliki, pistoni ikipanda ikayakuta inayosalimu amri ni konrodi, ule mkono wa pistoni.

SpanaKumi: Wote mna hoja ila snokeli isiyozibwa ni pambo kweli. Maungio yote toka kichwani mpaka kwenye boksi lazima yabane, na kile kimpira cha kutolea maji chini ya boksi kiwe kinajifunga, maana wengine wanafunga bomba la juu zuri afu maji yanaingilia chini. Ukimaliza washa gari, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wa snokeli kwa kitu bapa. Injini ikizima umefunga vizuri, ikiendelea kunguruma kuna tundu linavuta.

Gia4Chini: Vipi na lile bakuli la kuzungusha vumbi juu ya snokeli?

BabaLandi: Linasaidia, hewa inazunguka vumbi zito linabaki kwenye bakuli. Lile laini kama unga linapita tu. Na matawi yanalipenda sana hahaha.

TopeMgotini: Basi naenda na snokeli na filta ya karatasi. Hii ya zamani naweza kuipuliza kwa kompresa?

SpanaKumi: Presha ndogo, toka ndani kwenda nje, na usiigonge chini. Ikichanika kidogo tu, vumbi linapiga msasa mapezi ya tabo na silinda, baadae gari inaanza kula oili unabaki kushangaa. Kabla hujatoboa fenda kufunga snokeli pitisha kitambaa cheupe ndani ya paipu BAADA ya filta, njoo na majibu.

TopeMgotini: Nimetoka kupitisha saa hii. Kimetoka cha kahawia 😳

SpanaKumi: Hapo vumbi linapita, snokeli subiri kwanza. Fungua boksi uangalie ule mpira wa ukingo wa filta, afu klempu (vile vibanio vya paipu) moja moja mpaka kwenye tabo.

TopeMgotini: Klempu ya karibu na tabo nimeizungusha kwa vidole. Yani vidole.