Wosia na maelekezo ya matibabu: viwe karatasi moja? Na muhuri peke yake unatosha?

Binti wa Kwanza aliuliza:

Habarini wakubwa kwa wadogo. Baba yangu mwili umechoka lakini akili ni timamu kabisa, na sasa ametamka mwenyewe kwamba anataka kuandika wosia. Rasimu ameshaiandika kwa mkono wake: nani apate nyumba, nani asimamie mirathi. Ukurasa wa mwisho ameandika kwamba akizidiwa asiwekwe kwenye mashine ya kupumulia kama madaktari hawaoni dalili ya kupona. Anataka yote yakae pamoja, tupeleke yagongwe muhuri, basi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye naye ni mrithi, amejitolea kuwa shahidi. Naomba aliyewahi kushughulika na mambo haya anieleze, maana sitaki mzee aondoke halafu sisi tuanze kukokotana mahakamani.

Karani Mstaafu alijibu:

Dada, nifikishie shikamoo kwa mzee. Nimekuwa karani wa mawakili miaka mingi na wosia nimezichapa nyingi. Naanza na huo ukurasa wa mwisho kwa sababu ndio unaonitia hofu: utoeni humo, uwe hati yake peke yake. Wosia hauna nguvu mpaka mwenyewe awe amefariki, na familia nyingi huufungua baada ya mazishi. Habari ya mashine ni ya mtu aliye hai, amelala wodini, hawezi kusema. Daktari wa zamu ya usiku ataujuaje ukurasa uliofungiwa kabatini nyumbani?

Kwenye hiyo hati ya matibabu mzee aseme anachokataa na katika hali gani, halafu amtaje mtu mmoja wa kumsemea, na mwingine wa akiba. Mimi namthamini huyo msemaji kuliko orodha yoyote ya matibabu, kwa kuwa ugonjwa huja na maswali ambayo hakuna aliyeyaandika. Awe mtu anayeweza kusimama mbele ya ndugu wanaolia na bado akasema alichotaka mzee, hata kama yeye mwenyewe anatamani kingine.

Kuhusu muhuri. Notari, yaani ofisa anayegonga huo muhuri, anathibitisha kwamba aliyesaini ndiye mwenyewe, kwa kitambulisho, na kwamba amesaini kwa hiari. Hapimi kama mgao ni wa haki na hasahihishi makosa yaliyomo, kwa hiyo wosia mbovu ukigongwa muhuri unabaki mbovu. Kinachousimamisha hutegemea nchi. Uingereza, Sheria ya Wosia ya 1837 haidai muhuri wowote. Inadai mashahidi wawili waliokuwepo pamoja wakati mwenye wosia anasaini au anapoikiri sahihi yake. Majimbo mengi ya Marekani nayo hutaka mashahidi wawili, na notari huingia kwenye kiapo cha mashahidi kinachoambatanishwa, ili miaka ikipita mahakama isihangaike kuwasaka. Ufaransa, wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi, hukubalika bila shahidi. Kwa hiyo muulizeni wakili wa hapo mlipo swali hili moja kwanza: sheria yetu inataka nini ili wosia usimame?

Mdogo wako asiwe shahidi. Kwa sheria hiyo ya 1837, shahidi anayerithi, au ambaye mwenzi wake anarithi, hupoteza alichoachiwa, ingawa wosia wenyewe unabaki halali. Tafuteni watu wazima wasio na chochote ndani yake, na ikiwezekana wenye umri mdogo kuliko mzee.

Siku ya kusaini, warithi wote wakae nje. Mzee asije na karatasi iliyokwisha kusainiwa. Asaini palepale, aweke herufi za jina lake chini ya kila ukurasa, mashahidi wamwone, nao wasaini akiwaona. Kisha nakala halisi msiichomoe pini hata kama mnataka kuitoa kivuli. Nimeona tundu mbili za pini pembeni ya karatasi zikazua maswali mahakamani: kulikuwa na ukurasa mwingine? Nani aliuondoa?

Muuguzi wa Zamu aliongeza:

Naunga mkono kutenganisha. Nancy Cruzan, wa Missouri huko Marekani, alipata ajali ya gari mwaka 1983 akapoteza fahamu moja kwa moja. Hakuwa ameacha maandishi. Wazazi wake walipigania kuondolewa kwa mrija wa chakula hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1990 kwamba jimbo lina haki ya kudai ushahidi wa wazi wa matakwa yake. Alifariki Desemba mwaka huohuo, baada ya marafiki zake kujitokeza kueleza aliyoyasema akiwa mzima. Nikiwaza wazazi hao, huwa namwomba kila mgonjwa aandike mapema.

Wosia una nakala halisi moja ya kutunzwa. Hati ya matibabu ni kinyume chake, igaweni: kwa msemaji, kwa daktari wake, kwenye faili la hospitali. Na sehemu nyingi daktari anayemtibu, au huyo msemaji, haruhusiwi kuwa shahidi wake.

Binti wa Kwanza:

Nawashukuru sana. Baba amekubali kutenganisha. Ameuliza pia: bima ya maisha na mafao yake ya pensheni aviandike kwenye wosia?

Karani Mstaafu:

Mara nyingi hivyo hulipwa kwa aliyetajwa kwenye fomu ya bima au ya mfuko, wosia useme utakavyosema. Mwambie aombe kuona fomu zake kabla ya kwenda kwa wakili. Kama bado zina jina la mtu aliyekwisha fariki, azibadilishe huko huko kwenye bima na kwenye mfuko.