Siri ya Bakari (Mwanaisha hayumo humu)

Bakari: Assalaam alaykum jamaani. Kikundi hiki nimekifungua pembeni, naomba kisivuje. Mwezi ujao nina mkutano wa kazi Chicago na Mwanaisha nakwenda naye. Ile Jumamosi ya katikati ya Mei tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Nataka nimtoe usiku, tule mahali pa maana, tukae.

Salim: Waalaykum salaam. Pizza! Chicago si ndiko kwenye ile nene?

Zuhura: Salim, hebu tulia. Ile kuiva tu inaweza kuchukua dakika 40, na ukishakula vipande viwili huna tena maneno matamu, unatafuta pa kujilaza.

Mjomba Idi: Nisikilizeni mimi niliyekaa kule. Jengo la John Hancock, ghorofa ya 95, mgahawa wa Signature Room. Mnakula mji mzima uko chini ya miguu yenu.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Ulifungwa Septemba 2023. Siku hizi watu wanakata tiketi kwenda ghorofa ya 94 kutazama tu.

Mjomba Idi: Marahaba. Umefungwa!! Na mimi nimewasifia watu mpaka juzi.

Bakari: Mimi nimeona mmoja, Geja's Cafe, mtaa wa Lincoln Park. Taa hafifu, mishumaa, mtu anapiga gitaa la flamenko. Wanasema watu wengi wameposana humo.

Zuhura: Kwa mahaba hapana ubishi, wapo tangu 1965. Ila chakula chao ni fondyu, jibini iliyoyeyushwa, mnachovya vipande vya mkate kwa uma mrefu. Na fondyu ya asili hupikwa kwa mvinyo mweupe. Wifi atauliza, unamjua.

Shangazi Rehema: Mvinyo tena! Bakari mwanangu, utamsafirisha mtoto wa watu kote huko ukamlishe pombe siku ya ndoa yake?

Bakari: Shangazi sikujua, nimeshapafuta 🙏🏾

Salim: Wahabeshi je? Huko lazima wapo.

Zuhura: Wapo. Demera iko Uptown, Ras Dashen iko Edgewater, huku kaskazini karibu na kwangu. Injera, ule mkate wao mwembamba, sinia moja, halafu wana ile desturi ya gursha, unamlisha mwenzako tonge kwa mkono wako.

Salim: Hapo hapo! Kaka umeshapata.

Bakari: Kulishana tulishalishana siku ya harusi, shangazi amesimama pembeni anatuhesabia matonge. Tutakwenda Jumapili mchana na Zuhura. Usiku wenyewe nilitaka meza ya dirishani, tuone jua likizama ziwani.

Zuhura: Halizami ziwani. Ziwa Michigan liko mashariki ya mji, huko jua linachomoza. Linazama nyuma ya maghorofa. Na katikati ya Mei linazama saa mbili na dakika chache usiku. Ukibuku saa moja mtakula jua linawapiga usoni, mshumaa hata hauonekani, halafu Magharibi inawakuta katikati ya mlo.

Shangazi Rehema: Saa mbili usiku jua lipo?

Zuhura: Ndiyo shangazi. Juni linafika karibu saa mbili na nusu.

Shangazi Rehema: Makubwa. Na Ramadhani ikiangukia hapo mnafanyaje?

Zuhura: Tunafunga tu shangazi 😅

Zuhura: Kaka, mimi nakwambia hivi. Mandhari ya mji huu ni bure, usiyalipie mezani. Migahawa ya dirishani unalipa dirisha, chakula cha kawaida, na jirani yako anasikia kila unachomwambia mkeo. Mpeleke wifi kwanza pale kwenye jengo la Adler Planetarium saa moja na nusu hivi. Ni ulimi wa nchi umeingia ziwani, mnageuka kuutazama mji, na jua linashuka nyuma ya majengo yote. Picha hapo. Kisha teksi hadi hotelini, ni karibu, mnaswali Magharibi, mnabadilisha nguo. Halafu Italian Village, mtaa wa Monroe, katikati ya mji. Wapo tangu 1927. Jengo moja lina zaidi ya mgahawa mmoja, wewe sema unataka ule wa juu, unaitwa The Village. Ndani wamepatengeneza kama kijiji cha Italia usiku, dari ina vinyota, na kuna vijichumba vya pembeni, mnakaa wawili kama mmo chumbani kwenu.

Salim: Hicho kijichumba ndicho kaka anachokitaka, hakusema tu.

Mjomba Idi: Ule wa juu. Naukumbuka! Ngazi zake nyembamba. Pale nilikwenda na mtu, tuyaache.

Shangazi Rehema: Idi!

Zuhura: 😂 Jumamosi karibu na hapo kuna watu wa tamthilia, wanajaa mapema kabla ya maonyesho. Saa tatu kasorobo wengi wameshaondoka. Nitapiga simu kuwaulizia jiko linafungwa saa ngapi, na mchuzi upi hauna mvinyo, maana Waitalia nao huutia kwenye nyama. Samaki na tambi za nyanya ndiyo salama, lakini tutauliza.

Bakari: Na gharama?

Zuhura: Bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa. Kodi ya mgahawa pale katikati ya mji inapita asilimia 11, na bakshishi ni asilimia 18 hadi 20. Chakula kikifika dola 120, toa kama 158. Soma risiti kwanza, wengine wanaikata bakshishi humo humo, usije ukalipa mara mbili.

Salim: Bakshishi dola 24?? Nakuja kuhudumu mimi.

Shangazi Rehema: Chukua na koti lake. Upepo wa ziwani usimtoe machozi kwenye hizo picha.

Bakari: Nitaweka langu zito kwenye sanduku, nimvike yeye.

Zuhura: Nimeshawapigia. Wana meza saa tatu kasorobo, nimeomba ya pembeni, nimewaambia ni ya wawili na ni siku ya ndoa. Wanataka jina.

Bakari: Andika Mwanaisha.